Mliozaliwa ziwani, Ziwa Michigan lisomeni upya

Kila mwaka ikifika mwisho wa mwezi wa tano huku Chicago, siku ile ya kwanza joto la kweli linapoingia, simu yangu inaanza kuita. Kaka, leo tunawapeleka watoto ziwani, maji yakoje? Na mimi najibu vilevile kila mwaka, nendeni, bebeni chakula, watoto wachezee mchanga mpaka wachoke, ila kwenye maji mwisho magotini. Wengi hawanielewi kabisa. Wanaangalia juu wanaona jua linawaka, simu inawaambia digrii 30, watu wamejaa bichi wamevua mashati, ziwa lenyewe bluu limetulia, sasa huyu anatukataza nini? Na wanaoniuliza sio watu wageni wa maji, yani hapo ndo pananiumiza kichwa, ni watu wa Kigoma na Ujiji, wa Uvira, Baraka, Kalemie, wengine wa Bukoba na Musoma na Kisumu, watu waliojua kuogelea kabla hawajajua kusoma. Ukimwambia mtu wa namna hiyo awe makini na maji anaona kama unamvunjia heshima.

Mi mwenyewe ni wa Kigoma, nimekulia upande wa Kibirizi pale mitumbwi ya dagaa inapoingia asubuhi, na sasa naishi Rogers Park, kaskazini kabisa mwa Chicago, mtaa ambao barabara nyingi zinaishia ziwani moja kwa moja, unatoka na kandambili na taulo begani dakika chache umefika. Kuogelea nimekupenda toka utotoni na huku sijaacha. Wikendi za kiangazi huwa naenda na watoto wa majirani, wengi ni familia za Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na kwa sababu hiyo imebidi nijue haya maji vizuri, maana mtoto wa mtu ukimpeleka majini umemchukua mikononi mwako.

Kwanza tuongee Tanganyika kidogo ili mnielewe ninakotoka. Lile ziwa lina kina cha mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal kule Urusi. Lakini joto lake halichezi sana. Juu maji yanakuwa kama digrii 25 mpaka 28 mwaka mzima, wakati wa mvua yanapanda kidogo, kiangazi yanashuka kidogo, na ukishusha kipimajoto chini kabisa kwenye giza huko unakuta bado ni digrii 23 na kitu. Yani toka juu mpaka zaidi ya kilomita moja chini tofauti ni digrii nne tano tu! Sisi watoto mwezi wa saba asubuhi kulikuwa na kibaridi, upepo unavuma, tulikuwa tunaingia majini mpaka shingoni kujificha baridi humohumo, kwa sababu maji yalikuwa na joto kuliko hewa, tabu ilikuwa kutoka tu. Sasa mtu aliyelelewa na ziwa la hivo mwili wake umeshakariri kwamba maji hayana shida, cha kuogopa ni vitu vingine, mamba, upepo wa mchana, na kichocho kwenye yale maji yaliyotuama yenye majani na konokono. Baridi haimo kwenye orodha.

Ziwa Michigan orodha yake inaanza na baridi.

Na shida ni kwamba huwezi kuiona. Hewa ya Chicago inabadilika haraka sana, jumatatu umevaa koti jumatano unatafuta feni, lakini ziwa lina kalenda yake lenyewe na liko nyuma ya hewa karibu mwezi mzima na zaidi. Ni sufuria kubwa mno kwenye moto mdogo. Lita moja ya maji ili ipande digrii moja inahitaji joto zaidi ya mara elfu tatu ya lile linalohitajika na lita moja ya hewa, na hili ziwa lina urefu wa karibu kilomita 500 na kina mpaka mita 281, sasa fikiria jua la wiki mbili za mwezi wa tano litafanya nini humo. Wakati wewe umeshasahau majira ya baridi, ziwa bado halijasahau, barafu imetoka mwezi wa tatu, mwezi wa nne maji yote yako kwenye digrii nne mpaka saba hivi, mwisho wa mwezi wa tano ni kumi, kumi na mbili, ukiwa na bahati kumi na tatu. Katikati ya mwezi wa sita kumi na tano kumi na saba. Mwezi wa saba ndo unaanza kuongelea ishirini, na wa nane, hasa mwanzoni mpaka katikati, ndo kilele, ishirini na mbili mpaka ishirini na nne siku nzuri, na hapo kweli ni raha, maji matamu hayana chumvi, masafi, unaona miguu yako chini.

Huku wanapima kwa Farenihaiti kwa hiyo mnaokuja wapya kariri hizi tu zinatosha: 50 ni digrii kumi zetu, 60 ni karibu 16, 70 ni 21, na 80 ni karibu 27 ambayo kwa ziwa hili karibu hutaiona. Ukisoma ubao umeandikwa maji ni 58 usiseme ooh hamsini na nane si mbaya, ni baridi ya kukutoa roho.

Aliyenifungua macho kwenye haya mambo ni mama mmoja Mpolandi, mtu mzima wa miaka sabini huko, anaogelea pale kwetu toka kabla sijafika Marekani. Siku niliyomkuta, mwezi wa sita mwanzoni, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa zege ameshusha kipimajoto majini kwa kamba, na mimi nimesimama na taulo langu. Akaniuliza unatoka wapi, nikamwambia Tanzania, akaniuliza ziwa la kwenu joto lake likoje nikamwambia. Akatikisa kichwa akasema basi wewe ni mtu wa hatari, unajua kuogelea na hujui baridi. Akanionesha kipimajoto, digrii 13. Akaniambia tuingie wote polepole mpaka kiunoni, tusimame, nisikilize pumzi yangu. Na nilisikiliza. Maji yalipofika tumboni kifua kilivuta hewa chenyewe, kwa nguvu, bila mimi kutaka, alafu tena, alafu tena, moyo unagonga mpaka masikioni, na ni kiunoni tu, nimesimama kwenye mchanga, hakuna wimbi, naweza kutoka muda wowote. Akaniambia sasa fikiria pumzi hiyo umeivuta ukiwa kichwa kiko chini ya maji umejirusha toka hapo juu kwenye zege. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Hicho kitu watu wengi hawakijui, na ndo ningependa kila mtu akishike hata asiposhika kingine chochote humu. Watu wanadhani maji ya baridi yanaua kwa sababu mwili unapoa taratibu mpaka unakufa kwa baridi. Hapana, hiyo inachukua muda, nusu saa, saa nzima, wengine zaidi. Wengi hawafiki huko. Kinachoua ni dakika ya kwanza, ule mshtuko, mdomo unafunguka wenyewe unavuta na kama kuna maji ndo unavuta maji. Kuna mtafiti wa Kanada, Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, anafundisha kwa namba tatu rahisi sana, moja, kumi, moja: dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inakutii, na saa moja kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Namba hizo ni kwa yale maji ya baridi kali kabisa lakini zinakupa picha. Ile kumi ya katikati ndo inawashangaza waogeleaji wazuri, kwamba unajua kuogelea, hujasahau, ila vidole vimekufa ganzi, mkono haufungi, mguu hausukumi, damu imekimbilia ndani kulinda moyo na imeiacha misuli ya nje. Ujuzi wako uko kichwani lakini mwili haupokei amri.

Na hapa kuna jambo jingine. Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth Uingereza, ambaye maisha yake yote ya utafiti ni hayahaya ya watu na maji baridi, ameonesha kwamba ule mshtuko wa pumzi unafika kilele kwenye maji ya digrii kumi mpaka kumi na tano, haihitaji maji ya barafu. Sasa ziangalie tena namba za ziwa letu, kumi mpaka kumi na tano ni lini? Ni mwezi wa tano na nusu ya kwanza ya mwezi wa sita, kipindi hichohicho ambacho hewa imeanza kuwa tamu, shule zinafungwa, watu wamechoka na baridi ya miezi sita wanataka kujirusha majini. Ndo maana nasema mwezi wa kwanza ziwa halinitii hofu kivile, nani ataingia? Ninaouogopa ni mwezi wa sita.

Kuna baba mmoja kutoka Uvira alifika na watoto wake wanne siku ya joto kali, nadhani ilikuwa ndo kiangazi chao cha kwanza huku. Mtoto mkubwa wa kiume ameshavua shati anaangalia lile gati, na vijana wengine Wamarekani walikuwa wanajirusha toka pale. Nikamsalimia, nikamwambia shikamoo mzee, nikamwomba tuongee kidogo kabla kijana hajaenda. Akacheka kwa upole akaniambia, ndugu yangu, sisi tulizaliwa ku maji, huyu mutoto anavuka mpaka mbali kule kwetu. Nikamwambia naamini mzee, na mimi ni wa ng'ambo ya pili, Kigoma, ni ziwa lenu hilohilo. Tuingize mikono tu mpaka kwenye kiwiko tuhesabu mpaka sitini. Tukachuchumaa pale, mimi, yeye na kijana. Hatukufika sitini. Yule kijana alitoa mkono akauangalia, mwekundu, na vidole haviwezi kushika kifungo cha shati vizuri. Baba yake akaongea naye kwa Kifuliiru, sikuelewa, lakini kijana akarudi kukaa kwenye mchanga na wenzake. Toka hapo hiyo ya mkono na sitini naitumia kwa kila mtu mpya, haina maneno mengi, mtu anajiambia mwenyewe.

Sasa tuje kwenye upepo, maana hapa ndo nilipoona kwamba utoto wangu wa Kigoma haukuwa bure. Kule kwetu kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa unavuma upepo wa kusini, mfululizo, na unayasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, upande wa Kigoma na Bujumbura. Kule kusini kabisa mwa ziwa, Kasanga na Mpulungu ya Zambia, maji ya chini yenye baridi yanapanda kuja kuchukua nafasi, yanakuja na rutuba, na samaki wanafuata. Upepo ukikata mwezi wa tisa wa kumi maji ya chini yanaanza kuyumba kwenda na kurudi, kusini na kaskazini, safari moja karibu mwezi mzima, juu huoni kitu lakini wavuvi wanaona kwenye nyavu. Kwa hiyo mtoto wa Tanganyika anakua akijua kwamba upepo ndo unaamua maji gani uko nayo leo.

Michigan ni vilevile, ila kwa haraka na kwa ukali, inaweza kutokea usiku mmoja. Chicago iko upande wa magharibi wa ziwa. Upepo ukitoka magharibi au kusini magharibi, yani unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, unayachukua yale maji ya juu yaliyopashwa na jua wiki nzima unayapeleka katikati huko, upande wa jimbo la Michigan, na kando kwetu yanapanda ya chini. Hayo ya chini hayajawahi kuliona jua, hata mwezi wa saba yanaweza kuwa digrii nane tisa. Jana umeogelea kwenye ishirini na mbili na watoto, leo ni kumi na mbili, na ubaya wake ni kwamba siku ya upepo wa magharibi ndo siku nzuri kuliko zote kwa macho! Joto kali maana upepo umepita nchi kavu, maji yametulia kabisa pale kando hakuna wimbi, anga safi. Kila kitu kinakwambia ingia. Alafu upepo huohuo unasukuma nje kila kinachoelea, boya la mtoto, godoro la plastiki, na mtoto akiwa juu yake, na mtu mzima anaogelea kulifuata kwenye maji ya digrii kumi na mbili. Vile vitu vya kuelea vya dukani mimi sivitaki kabisa ziwani, watoto wanaokuja na mimi wanavaa jaketi la kuokolea la kuwatosha, lenye mikanda, basi.

Upepo wa mashariki ni kinyume. Hewa inakuwa ya baridi kidogo kando ya ziwa, watu wanasema ah leo hakufai, kumbe maji ya joto yamerudishwa kwetu. Ila yanakuja na mawimbi, na upepo wa kaskazini au kaskazini mashariki ndo mbaya zaidi maana una ziwa zima la kukimbilia, kilomita mia kadhaa bila kizuizi, mpaka ukifika kwetu kusini mawimbi yameshakuwa milima. Mawimbi ya ziwa hayafanani na ya baharini Dar au Mombasa, yanafuatana karibu karibu, sekunde nne tano, hujapata pumzi ya kwanza lingine limeshakupiga. Na pembeni ya magati na kuta za zege maji yanayosukumwa ufukweni yanatafuta njia ya kurudi, yanatengeneza mkondo unaokwenda nje ukifuata ukuta wenyewe. Karibu na ukuta siogelei siku ya mawimbi, hata kama upande wa pili kuna watu wanacheza.

Kati ya yale maziwa matano makubwa ya huku, Michigan ndo linaongoza kwa watu kuzama, na sababu ni hizi, umbo lake refu la kaskazini kusini, magati mengi, na miji mikubwa iliyolizunguka. Pale Pratt, mtaani kwetu, kijana mmoja alizama mwezi wa nane 2021 baada ya kuruka toka kwenye gati, na wakati ule pale hapakuwa na boya la kumrushia. Familia na wananchi wakapaza sauti mpaka maboya yakaanza kufungwa kando ya ziwa. Leo ukipita unaona yale maduara ya machungwa kwenye nguzo. Nawaonesha watoto kila mara, hili ni la nini, linatolewaje, unamrushia mtu, humfuati. Humfuati! Mara nyingi anayezama ni wawili, wa kwanza na yule aliyemfuata kwa upendo.

Na kama ni wewe uko ndani na pumzi imekukimbia, lala chali. Uingereza wanafundisha hivo siku hizi kwenye kampeni zao zote na nakubaliana nao kabisa, usipigane, usianze kuogelea kuelekea nchi kavu hapohapo, lala chali masikio ndani ya maji, mikono umeitanua, subiri ile dakika ipite. Pumzi itarudi. Ikirudi ndo unaamua, unaita, unaogelea au unaendelea kuelea. Watoto wetu tunaufanyia mazoezi huo mtindo kwenye bwawa la ndani la maji ya moto toka mwezi wa tatu, mpaka iwe kama tabia.

Mabendera ni rahisi, kijani ingia, njano ingia kwa tahadhari, nyekundu usiingie. Walinzi wapo kuanzia ile wikendi ya mwisho wa mwezi wa tano mpaka Siku ya Wafanyakazi yao mwanzoni mwa mwezi wa tisa, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa moja jioni, na bila walinzi kuogelea hairuhusiwi. Baada ya mvua kubwa subiri siku moja mbili, vijidudu vinapanda, mji unapima na kutangaza. Bendera ya kijani haimaanishi maji yana joto, watu wengi wanachanganya hapo. Inaangalia mawimbi na usafi zaidi. Joto unaliangalia mwenyewe, kwenye taarifa za hali ya hewa wanalitoa, au kwa kamba na kipimajoto kama yule mama, mimi ninacho changu.

Na anga nalo uliangalie hata kama juu yako ni peupe. Wazee wa Chicago bado wanaikumbuka tarehe 26 mwezi wa sita 1954, dhoruba ilipita juu ya ziwa asubuhi ikasukuma maji kwenda upande wa pili, yakagonga kule yakarudi, na yalipofika Chicago hali ya hewa ilikuwa imeshatulia, watu wanavua samaki pale bandari ya Montrose. Maji yalipanda mpaka kama mita tatu ghafla, wakafa watu wanane. Ndo ujue ziwa kubwa linaweza kukuletea leo kitu kilichotokea mbali na wewe.

Nisiwatishe tu lakini. Kuna mwezi mmoja ninaoupenda kuliko yote na watu wetu karibu wote wanaukosa, mwezi wa tisa. Hewa imeanza kupoa, digrii ishirini hivi, watu wamefunga kichwani habari za kiangazi, bichi tupu, na ziwa kwa sababu ya uvivu wake uleule bado limeshika joto la mwezi wa nane, kumi na tisa ishirini. Linganisha na mwanzo wa mwezi wa sita ambapo hewa ni ileile ishirini lakini maji ni kumi na tatu! Hewa moja, maji mawili tofauti kabisa. Asubuhi za namna hiyo nikitumbukiza mguu nasikia maji yana joto kuliko hewa, na mtu wa Kigoma anajua hiyo ni nini. Tatizo ni kwamba walinzi wameshaondoka, kwa hiyo watoto siwapeleki, na sisi watu wazima tunakwenda tu zile sehemu za mji jirani na za jimboni wanazoruhusu, kila mtu na boya lake la rangi kali kiunoni, hakuna kwenda peke yako. Mwezi wa kumi maji yanaporomoka, kumi na tano kumi na nne, hapo navaa ile suti ya mpira, na kwa sababu nimeshuka nayo wiki kwa wiki mwili umeshazoea, pumzi hainikimbii. Kuzoea kupo kweli, Tipton na wenzake wameonesha hata kuingia mara chache tu dakika mbili tatu kunapunguza ule mshtuko karibu nusu. Lakini ni kuzoea kwa kushuka polepole na kwa kuingia mara kwa mara. Hakuna kuzoea kwa ujasiri.

Kinachoendelea ndani ya ziwa wakati huo kinanifurahisha sana kukifikiria. Maji yanakuwa mazito kuliko wakati wowote yakifika digrii nne, kwa hiyo mwisho wa mwaka ya juu yakipoa yanazama, ya chini yanapanda, ziwa lote linajichanganya na hewa safi inafika mpaka chini, na majira ya kuchipua linajichanganya tena. Tanganyika halifanyi hivo, ya chini na ya juu karibu hayakutani, chini ya mita mia mia mbili hakuna hewa ya kumtosha samaki. Na lile joto la dunia linalopanda linazidi kuyatenganisha, toka 2003 watafiti waliandika kwamba maji ya juu yakipata joto zaidi yanakuwa mepesi zaidi, upepo unashindwa kuyachanganya, rutuba inabaki chini na chakula cha dagaa kinapungua. Nikiongea na ndugu zangu Kibirizi wanalalamikia dagaa wamepungua, na sio sababu moja, wavuvi nao wameongezeka, lakini hiyo ya joto ipo na inanikosesha amani.

Mwisho ni barafu, maana watoto wanavutiwa nayo kuliko kitu chochote. Mwaka 2014 zaidi ya 90% ya Ziwa Michigan iliganda, miaka mingine ni kidogo tu, lakini pale kando kila mwaka mawimbi na maji yanayorushwa yanajenga vilima vya barafu, vinaonekana kama vimeungana na nchi kavu. Havijaungana na kitu. Ndani vina mashimo, chini yake maji yanatembea, na mtu akidumbukia hakuna pa kushika kupandia. Mtoto wa Baraka au Kigoma hajawahi kuona ziwa linalosimama, kwake ni ajabu, atataka kupiga picha juu yake. Mwambieni mapema, mwezi wa kumi na mbili kabla haijaanza, apige picha akiwa kwenye barabara ya juu, nyuma ya mchanga.